Mwanga Uliomezwa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo. Dada, ambaye ninakaa kwake, amenitupia daftari hili juu ya kitanda. "Mambo yako ya maabara liambie hili, mdogo wangu. Masikio yangu yamechoka." Basi nianze kulichosha daftari.

Natafuta sumu ya ukungu kwenye nafaka, ile kidogo ambayo jicho haliioni na ulimi hauionji. Mashine yangu ni prizimu ya kioo, na juu yake kigae cha kioo kilichopakwa dhahabu nyembamba mara elfu kuliko ngozi ya kitunguu. Leza nyekundu huipiga dhahabu hiyo kutoka chini. Kwa pembe nyingi mwanga hurudi karibu wote. Lakini iko pembe moja ambapo haurudi: elektroni za kwenye uso wa dhahabu huudaka na kukimbia nao. Kwenye grafu hapo panachimbika bonde. Juu ya dhahabu tumepaka jeli inayonasa sumu. Chembe zikinasa, bonde husogea. Ndiyo maana naipenda mashine hii. Kitu chenyewe haikioni, ila inajua kwamba kimekuja.

Kila asubuhi, kabla ya sampuli yoyote, napitisha maji matupu ya chumvi. Lazima mashine iseme sifuri. Leo imesema sifuri.

Jumanne, 4 Machi

Sifuri. Mvua.

Alhamisi, 6 Machi

Jana niliiacha chupa ya maji ya chumvi ikiwa imefika sawasawa kwenye mstari. Leo asubuhi imepungua, kama vijiko viwili vya chai. Nimeipangusa meza kwa kiganja: kavu.

Funguo za chumba hiki tunazo watatu. Mimi, Profesa, na fundi wa maabara, ambaye wote tunamwita Bisibisi kwa sababu bisibisi haimtoki mfukoni. Watu husema hata kwenye harusi ya bintiye ilichungulia kwenye koti.

Sijaandika kwamba namshuku mtu. Nimeandika tu nani ana ufunguo.

Jumatatu, 10 Machi

Vijiko viwili tena. Nimemwuliza.

"Fundi, kuna mtu anagusa chupa zangu?"

"Chupa zipi, binti? Humu ndani chupa ni nyingi kuliko watu."

"Hizi za maji ya chumvi."

"Nani atayaiba hayo? Hayana hata sukari."

Akacheka peke yake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Usiku kitandani nimeyarudia maneno yake, na kila nikiyarudia yanazidi kuteleza.

Kuna jambo lingine. Kabla ya mwaka huu mashine hii ilikuwa mikononi mwa mtafiti wa chumba cha pili, yule tunayemwita Tabasamu. Bisibisi alimhudumia miaka sita. Mwezi wa kwanza Profesa aliichukua akanipa mimi, na Tabasamu akanipongeza kwa meno yote thelathini na mbili.

Jumanne, 11 Machi

Nimeweka mtego. Kwenye kabati la kemikali kuna rangi ya buluu, ile ya kupaka seli kabla ya kuzitazama kwa hadubini. Nimetia tone moja katika kila chupa yangu. Asiyejua hataona kitu. Ukiiweka chupa mbele ya karatasi nyeupe, ndipo unaona kivuli tu cha ubuluu, kama shati jeupe lililofuliwa pamoja na suruali ya jinzi. Mtu akichota na kujazia maji yake, rangi itafifia nami nitajua.

Sijamwambia mtu yeyote. Mtego ukitangazwa si mtego.

Alhamisi, 13 Machi

Mashine imesema nne.

Maji matupu, hayajaguswa na punje moja ya nafaka, na mashine inasema yana sumu.

Ijumaa, 14 Machi

Sita.

Jumatatu, 17 Machi

Tone moja halinitoshi kuona tofauti, nimeongeza yakawa matatu. Mashine: kumi na moja. Kwa hiyo Bisibisi haibi maji tu. Anachota, kisha anatia kitu. Sampuli zenye sumu ziko kwenye jokofu lisilofungwa, naye analipita kila siku na ndoo yake.

Profesa anataka majedwali yangu mwisho wa mvua. Mtu akitaka kuniangusha hahitaji kunisukuma. Inatosha sifuri yangu isiwe sifuri.

Jumatano, 19 Machi

Nimemsimulia dada huku anashona. Hakuinua macho kwenye cherehani.

"Huyo mzee anapata nini?"

"Tabasamu anarudishiwa mashine."

"Na mzee anapata nini?"

"Dada, wewe hukijui chumba kile."

"Chumba sikijui, wewe nakujua. Darasa la tano ulilia wiki nzima kuwa wenzako wamekuibia kifutio. Tulikikuta wapi?"

Kilikuwa ndani ya soksi yangu, lakini hilo halihusiani na jambo hili.

Alhamisi, 20 Machi

Bisibisi hakuja. Mafua. Nimebadilisha kigae, nimetengeneza maji mapya. Rangi sikutia, maana wa kumtega hayupo.

Sifuri.

Ijumaa, 21 Machi

Bado anaumwa. Chupa haikupungua hata tone. Sifuri.

Sifuri hizi mbili nimezizungushia wino mwekundu. Akiwepo, sumu. Asipokuwepo, hakuna sumu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeweza kumalizia sentensi.

Jumatatu, 24 Machi

Amerudi, anakohoa. Matone matano leo, nataka alama isiyo na ubishi. Mashine: kumi na tisa.

Tabasamu alipita mlangoni na kikombe chake.

"Mbona uso umefunga kama mawingu, jirani?"

"Sifuri yangu inapanda."

"Umeliangalia bonde lote?"

Swali la mjanja. Kuchora bonde zima, pembe baada ya pembe, kunachukua karibu saa nzima. Katika kazi ya kila siku tunaisimamisha leza kwenye pembe moja, karibu na sakafu ya bonde, tunatazama mwanga unaorudi. Bonde likisogea, pale tuliposimama panakuwa mtelemko, mwanga unapanda, mashine inaandika namba. Yeye mwenyewe alifanya hivyo miaka sita. Sasa anataka nipoteze saa nzima kila siku.

"Nitaangalia," nikasema. Sikuangalia.

Jumatano, 26 Machi

Nimefika mapema makusudi, saa moja kasoro. Sikuwasha taa ya ukumbini. Nimesimama mbele ya kidirisha cha mlango, mwavuli unanidondokea miguuni, nikachungulia.

Alikuwa amesimama mbele ya mashine yangu. Mkono wa kushoto ameshika chupa yangu, wa kulia bomba la sindano. Alivuta maji, akayaingiza taratibu kwenye mrija. Alikuwa anapiga mluzi. Hilo ndilo lililonichoma: mtu anakuharibia maisha huku anapiga mluzi.

Sikuingia. Nilipanda ngazi hadi kwa Profesa na kumngoja mlangoni mpaka saa mbili. Alipokuja nilizungumza bila kumpa nafasi ya kuvua koti. Nilimwonyesha majedwali: siku za Bisibisi, siku bila Bisibisi.

Profesa ni mwanamke asiyepandisha sauti. Alisoma ukurasa wote kwa kidole.

"Una hakika, mwanangu?"

"Nina namba, Profesa."

"Siku alizokuwepo na asizokuwepo, hakuna kitu kingine kilichobadilika?"

"Hakuna."

Naandika neno hilo hapa kama nilivyolisema. Rangi sikuitaja. Niliona aibu kidogo kusema kwamba natega watu kazini, na niliona pia kwamba haihusiani. Rangi ni alama, haina kazi nyingine.

Bisibisi aliitwa. Alisikiliza akiwa amesimama, mikono nyuma.

"Nainywesha pampu ya mashine," alisema. "Kila asubuhi. Pampu ikilala kavu huamka na kikohozi, inatapika mapovu ndani ya mrija. Naipa vijiko viwili vya maji yaleyale itakayofanyia kazi. Nafanya hivyo tangu mashine iletwe."

"Nilipokuuliza kama kuna mtu anagusa chupa zangu, mbona hukusema?" nikamkabili.

"Uliuliza kama kuna mtu, binti. Nilidhani unauliza mwizi."

Kisingizio kizuri, kimepigwa pasi kabisa. Profesa alivuta faili la fundi. Mkataba wa Bisibisi unakwisha mwezi ujao, na kikao cha Ijumaa tarehe 11 kilikuwa kiamue kama utaongezwa. Amesimamishwa mpaka siku hiyo. Kikao kikiona ametia kitu kwenye sampuli, hataajiriwa tena hapa wala maabara nyingine yoyote.

Aliweka funguo mezani, moja moja, kila moja akiitaja jina la mlango wake. Akatoka, akaingia mvuani bila mwavuli.

Nimeshinda. Mbona siwezi kula?

Jumatatu, 31 Machi

Kigae kipya, maji mapya. Rangi ya nini tena? Sifuri.

Jumanne, 1 Aprili

Sifuri. Ila pampu imekohoa. Mapovu matatu kwenye mrija, nimepoteza asubuhi kuyatoa.

Alhamisi, 3 Aprili

Sifuri. Pampu inakohoa vibaya. Nimejiambia kwamba mwongo naye husema kweli moja moja ili uongo wake upate pa kukalia.

Jumatatu, 7 Aprili

Nataka kuandika kwa mpangilio.

Mvua ya siku tatu imetia tope kwenye mabomba, mtambo wa kusafishia maji umezimwa. Sikuwa na maji ya kutengenezea chupa mpya. Kabatini ilikuwepo moja ya zamani, ya tarehe 24, haijafunguliwa. Nilikuwa nimeifunga mwenyewe kwa utepe na kutia sahihi juu ya utepe. Sahihi ilikuwa nzima. Nikaifungua, nikapitisha maji.

Ishirini na moja.

Nilitazama mlangoni, kama mtoto, kuona nani ameingia. Chumba kilikuwa changu peke yangu. Funguo za Bisibisi zimo kwenye droo ya Profesa siku ya kumi na mbili.

Nikakaa. Halafu nikafanya lile nililoambiwa wiki mbili zilizopita. Nilichora bonde lote.

Sumu ingelisogeza bonde. Bonde langu lilikuwa karibu palepale, halikusogea hata upana wa ukucha kwenye skrini. Lakini lilikuwa limefukiwa. Sakafu imepanda, kingo zimetanuka, kama shimo la barabarani lililojazwa mchanga. Nami siku zote nilikuwa nimesimama karibu na sakafu hiyo, pembe moja tu, natazama mwanga unapanda na kusema: limesogea.

Maji ya buluu ni ya buluu kwa sababu yanameza nyekundu. Leza yangu ni nyekundu. Na rangi ile inapenda jeli yetu, inajilimbikiza juu ya dhahabu kidogo kidogo, kila nikipitisha maji. Mwanga unaokimbia juu ya uso wa dhahabu ulikuwa unaliwa njiani. Mashine inajua hadithi moja tu, kwamba mwanga ukipanda kuna kitu kimenasa. Ikanisimulia hiyohiyo.

Nilimwomba Tabasamu chupa ya maji yake. Hakuuliza ya nini. Kigae kipya: sifuri. Nikatia tone moja, nikasubiri. Matatu. Matano. Kila mara nilichora bonde lote, na kila mara sakafu ilipanda mbele ya macho yangu. Imenichukua mpaka jioni. Tone moja, nne. Matatu, kumi. Matano, kumi na tisa.

Siku alizokuwa mgonjwa sikutia rangi. Kwa nini sikutia? Kwa sababu hakuwepo. Hakuna kingine kilichobadilika, nilimwambia Profesa.

Jumanne, 8 Aprili

Anayejua kuhusu rangi ni mimi na daftari hili.

Nimeiona njia. Naweza kusema mashine ilikuwa na hitilafu, nimeigundua, nimeirekebisha. Bisibisi atarudi kazini. Hakuna atakayeniuliza zaidi, pengine nitasifiwa. Nilipanga maneno yenyewe nikiwa naoga.

Jioni nimemwambia dada yote. Alisimamisha cherehani, jambo ambalo halifanyi hata kwa wateja.

"Ukisema mashine, wakimrudisha, wenzake watamwonaje?"

"Watajua alikuwa hana kosa."

"Watajua hakupatikana na kosa. Hivyo ni vitu viwili. Mtu atapoteza hata kalamu, wataanza kumwangalia yeye." Akauma uzi. "Wewe unamjua mtu anayeangalia watu hivyo. Kila asubuhi unamwona kwenye kioo."

Nimelia. Hakunibembeleza.

Ijumaa, 11 Aprili

Watu watano mezani, na Bisibisi kwenye kiti cha ukutani, suti ya kijivu. Nilitangulia kuomba kusema kabla hawajafungua faili lake. Nilibandika grafu nne ukutani, bonde baada ya bonde, nikaeleza rangi, matone, tarehe. Nilisema: "Sumu haikuwepo. Rangi niliitia mimi, ili nimnase. Siku asipokuwepo sikuitia. Fundi hana kosa lolote."

Mvua ilikuwa inasikika kwenye bati la gereji.

Profesa alivua miwani. "Nilikuuliza kama hakuna kingine kilichobadilika."

"Ndiyo, Profesa."

"Nikikuuliza tena kitu, nitaliaminije jibu lako?"

Tabasamu alikuwa anatazama grafu. Kwa mara ya kwanza hakutabasamu, na nikaona uso wa mtu mpole aliyechoka tu. Tabasamu lile huenda lilikuwa adabu. Miezi mitatu nimelisoma kama hati ya adui.

Wameamua. Mkataba wa fundi umeongezwa, na barua ya kumwomba radhi itabandikwa ubaoni, jina langu likiwa chini yake. Majedwali yangu yote tangu tarehe 11 Machi yametupwa. Mashine nitaitumia chini ya uangalizi wa Tabasamu.

Bisibisi alisaini mkataba, akamshukuru kila mmoja kwa cheo chake. Mimi aliniinamishia kichwa.

Jumapili, 13 Aprili

Nimekwenda nyumbani kwake, dada amenisindikiza. Mkewe alifungua mlango, akanipima kutoka kichwani hadi viatuni.

"Ndiye huyu?" akamwuliza mumewe aliye ndani, bila kugeuka. "Mimi nilidhani ni mkubwa zaidi."

"Waache waingie, mama watoto, wanalowa."

Tuliketi. Nilisema niliyokwenda kusema, nikiwa nimeyakariri, na katikati nikayasahau, nikabaki na "nisamehe, mzee" tu. Alinisikiliza huku anakaza mguu wa stuli.

"Yale maji niliyaona," alisema.

"Yapi?"

"Yana ubuluu. Siku ya kwanza tu niliyaona, kwenye bomba la sindano. Mimi rangi hainipotei, nimeosha vyombo vya maabara miaka ishirini na mbili."

"Mbona hukuniuliza?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Nikuulize nini? Nilijua una sababu yako. Kwani nilikuwa nakushuku?"

Dada aliangalia sakafu. Mke wake akaondoka kwenda jikoni, na tukasikia sufuria ikitua kwa nguvu kuliko inavyopaswa.

"Nimekusamehe," akasema Bisibisi, na akaijaribu stuli kwa kuikalia. "Mungu anajua, sina kinyongo. Lakini nitabadilisha namna yangu ya kazi. Usije ukanielewa vibaya."

Hakuniita binti hata mara moja.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilipofika, alikuwa amesimama nje ya mlango wa maabara. Ufunguo anao. Hakufungua.

"Nakungoja wewe," akasema. "Pampu haijanywa."

"Ungeingia tu, fundi."

"Siingii peke yangu."

Nikafungua. Alinisubiri nisogee karibu kabisa na mashine, kisha akatoa karatasi yenye mistari aliyoichora kwa rula: tarehe, saa, vijiko viwili, sahihi yake, sahihi ya shahidi.

Jumanne, 15 Aprili

Sifuri. Nimetia sahihi.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua inapungua. Nimemwambia leo kwamba karatasi haina haja, Profesa hakuiagiza, mimi ndiye ninayepaswa kuchungwa. Akanijibu kwa upole, "Ni kwa ajili yangu."

Nilimwuliza, ili kuwe na kelele chumbani, kama bado anapiga mluzi. Akafikiri. "Sijui. Sijausikia siku hizi."

Kisha akafanya anavyofanya sasa kila asubuhi. Alikunja mikono ya koti mpaka kwenye viwiko, akageuka kunielekea, akanyoosha viganja vyote viwili chini ya taa, vitupu, akavigeuza na nyuma. Anangoja nivitazame. Nisipotazama, haanzi kazi.

Nikavitazama.